Marudio Mia kwa Mkupuo Mmoja: Mlaji na Hatari ya Kuzidisha Mazoezi ya Vyuma

Anayelipa ada ya jimu ananunua huduma, sawasawa na anayelipa nauli ya basi au ujira wa fundi. Anastahili kujua anachouziwa, anastahili huduma isiyomdhuru, na anastahili kuambiwa ukweli kabla ya kutoa fedha yake. Watu wengi hukumbuka haki hizo wanaponunua unga au simu, lakini huzisahau wanapoingia katika ukumbi wa mazoezi, kwa kuwa humo mteja huhesabiwa kama mwanafunzi, na mwanafunzi huona haya kumhoji mwalimu. Katika somo hili tunazungumzia jambo moja ambalo mlaji anapaswa kulihoji bila haya: mashindano ya kunyanyua vyuma kwa marudio mengi mno.

Mashindano hayo yana sura nyingi. Ubaoni huandikwa skwati mia, au pushapu mia mbili, au kujivuta juu kwenye chuma hadi mikono ikatae. Saa huwashwa, wenzako hupiga makofi, na jina la aliyemaliza huandikwa ukutani. Zoezi mojawapo linalofahamika sana duniani huitwa Murph, kwa kumbukumbu ya Luteni Michael Murphy wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, aliyeuawa Afghanistan mwaka 2005. Anayelifanya hukimbia maili moja, hujivuta juu mara 100, hupiga pushapu 200 na skwati 300, kisha hukimbia maili nyingine. Wazoefu huvaa kizibao chenye uzito wa takriban kilo 9. Wapo wengi wanaolimaliza salama, kwa sababu wamejiandaa kwa miezi mingi. Shida huanza pale zoezi la aliyejiandaa linapouzwa kwa asiyejiandaa, na kwa bei ile ile.

Hatuna nia ya kumtisha yeyote aache mazoezi. Kunyanyua vyuma kwa kiasi huimarisha mifupa, husaidia kudhibiti sukari mwilini na humfaa hata mzee. Tunachokisema ni kwamba msuli una kipimo chake, na kipimo hicho hakionekani kwa macho wala hakisikiki vizuri wakati muziki unapiga na watu wanashangilia.

Kilichotokea Iowa

Tukio linalofundisha zaidi kuhusu jambo hili halikutokea katika jimu ya mtaani. Lilitokea katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwezi Januari mwaka 2011. Wachezaji wa mpira wa Kimarekani walikuwa wamerejea kutoka likizo ya takriban wiki tatu. Walipewa kazi ya skwati 100, kila mmoja akiwa amebeba mabegani nusu ya uzito mkubwa kabisa aliowahi kuunyanyua mara moja, huku muda ukihesabiwa. Baada ya hapo walisukuma mzigo uliopakiwa vyuma juu ya sakafu. Siku zilizofuata mapaja yalivimba na kuuma kuliko kawaida, na baadhi yao waliona mkojo wao umegeuka rangi ya kahawia. Wachezaji 13 walilazwa hospitalini. Wote waliruhusiwa kutoka baadaye.

Mambo matatu katika habari hiyo yanamhusu mlaji wa kwetu moja kwa moja. La kwanza, hao walikuwa vijana wenye nguvu, wenye walimu wa kulipwa na madaktari wa timu. Kama wao hawakusalimika, mwenye kazi ya ofisini anayeingia jimu kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana hana sababu ya kujiona yuko salama zaidi. La pili, kamati iliyochunguza haikukuta dawa za kulevya wala hila yoyote. Ilikuta zoezi lenyewe, na ikashauri lisitumike tena. La tatu ni likizo. Mwili uliopumzika wiki tatu haukuwa mwili ule ule ulioondoka, ingawa kila mchezaji alijiona yule yule. Miaka sita baadaye, Januari 2017, wachezaji watatu wa Chuo Kikuu cha Oregon walilazwa kwa tatizo hilo hilo, nao walikuwa wametoka likizo.

Kwetu Januari nayo ni mwezi wa watu kujiandikisha jimu kwa wingi, kila mmoja na azimio lake la mwaka mpya. Tena katika pwani yetu ni kipindi cha joto kali. Pia wapo wanaorejea kwenye vyuma baada ya mwezi wa Ramadhani wakitaka kufidia siku zote kwa jioni moja. Hao wote wamo katika hali ya wachezaji wa Iowa, bila daktari wa timu.

Msuli unavyovunjika

Ugonjwa uliowapata wachezaji hao huitwa kitaalamu rabdomiolisisi, yaani kuvunjikavunjika kwa misuli. Kila msuli umejengwa kwa nyuzi nyembamba, na kila uzi umefunikwa kwa utando. Msuli unapofanyishwa kazi kupita akiba yake ya nguvu, utando hupasuka, na vilivyomo ndani humwagika katika damu. Vitu vitatu kati ya hivyo vinatuhusu. Kimoja ni mioglobini, protini nyekundu inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli. Hiyo ikifika kwenye figo kwa wingi huziba na kuharibu mirija yake midogo, na ndiyo inayoupa mkojo rangi ya chai ya rangi au ya soda nyeusi. Kingine ni potasiamu, ambayo ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua kabla hata figo hazijashindwa. Cha tatu ni kimeng'enya kinachoitwa kwa kifupi CK. Chenyewe hakidhuru, lakini hupimika, na kwa hiyo ndicho kinachompa daktari ushahidi. Kwa mtu mzima wa kawaida kipimo cha CK huwa mamia machache ya yuniti kwa lita au chini yake. Kikivuka 1,000 hivi, pamoja na dalili, daktari huanza kuufikiria ugonjwa huu. Na kwa waliojiumiza sana kwa mazoezi kinaweza kupita 100,000.

Elimu hii haikuanzia katika michezo. Wakati London ilipokuwa ikipigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, watu waliofukiwa na vifusi walitolewa wakiwa hai, wakizungumza, miguu yao ikiwa imebanwa kwa saa kadhaa. Siku chache baadaye mkojo wao ulibadilika rangi, ukapungua, na baadhi walikufa kwa kushindwa kwa figo. Madaktari Bywaters na Beall waliieleza hali hiyo katika jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 1941. Yule aliyebanwa na ukuta na yule aliyejibana mwenyewe kwa skwati mia hufikia mlango mmoja: msuli umepasuka, na figo ndizo zinazolipa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini chuma chepesi kiwe cha hatari kuliko kizito. Swali hilo ni zuri, maana ndilo linalowadanganya wengi. Chuma kizito hukuzuia chenyewe. Ukishindwa kukiinua mara ya sita, kazi imekwisha, utake usitake. Chuma chepesi hakina breki hiyo. Mara ya arobaini unaweza bado, mara ya sitini unatetemeka lakini unaweza, na mara ya themanini anayenyanyua si msuli tena bali ni aibu ya kushindwa mbele za watu. Pia kila rudio lina sehemu mbili, kupanda na kushuka. Katika kushuka, msuli huvutika huku ukishikilia mzigo, na hapo ndipo nyuzi zinapochanika zaidi. Ndiyo maana kujishusha polepole kutoka kwenye chuma cha kujivutia, au kushusha vyuma vya mkono kwa mwendo wa kuhesabu, huumiza misuli ya mkono kuliko mtu anavyotarajia, hasa akiwa mgeni wa zoezi hilo.

Uchungu wa kawaida na usio wa kawaida

Kila aliyewahi kufanya mazoezi anaujua uchungu wa siku ya pili. Huanza taratibu, hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua. Mtu anayeuhisi hushuka ngazi kwa kushikilia ukuta na kuwachekesha wenzake, lakini hushuka. Uchungu huo si ugonjwa.

Mashaka yaanze pale uchungu unapozidi kuongezeka badala ya kupungua; pale kiungo kinapovimba hadi nguo au saa inabana; pale nguvu zinapokwisha kabisa, mtu asiweze kunyoosha mkono au kuinuka kitini bila kusaidiwa; na pale mkojo unapokuwa mweusi au kupungua sana. Dalili hiyo ya mkojo ikionekana, usingoje hata usiku mmoja. Lakini tunasisitiza kwamba isipoonekana haimaanishi uko salama, kwani wagonjwa wengi wa aina hii hawaioni kabisa. Uvimbe mkali na ganzi katika mguu au mkono nao ni dharura ya peke yake: msuli uliovimba ndani ya ala yake hubana mishipa ya damu na ya fahamu, na wakati mwingine daktari wa upasuaji hulazimika kuipasua ala hiyo ili kiungo kisife.

Hapa kuna kosa moja linalofanywa kila siku katika mitaa yetu, nalo ni kumeza dawa ya maumivu na kurudi jimu. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa zinazopunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa mtu mwenye afya na maji ya kutosha mwilini madhara yake mara nyingi ni madogo. Kwa mtu aliyepoteza jasho jingi, na ambaye figo zake tayari zinachuja mabaki ya misuli, dawa hizo ni mzigo juu ya mzigo. Muuza duka la dawa hawezi kuyajua hayo usipomweleza, naye akikupa kwa kuwa umeomba, hatari ni yako.

Mweleze daktari ulichokifanya

Ukifika kituo cha afya, sentensi ya kwanza iwe ya mazoezi. Sema ni zoezi gani, mara ngapi, siku gani, na kama ulikuwa umekaa muda mrefu bila kufanya mazoezi. Hili linaonekana dogo, lakini katika nchi zetu lina uzito wa pekee. Mkojo mweusi kwetu una watuhumiwa wengi. Mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria au wa Pemba atafikiriwa kichocho. Mwenye homa atafikiriwa malaria kali. Mwingine ataambiwa ana maambukizi ya njia ya mkojo na kupewa vidonge vya siku saba. Mhudumu hana kosa kuanzia huko, kwa sababu hayo ndiyo anayoyaona kila siku.

Hata vipimo vinaweza kupotosha. Kile kijiti cha kuchovya katika mkojo huonyesha damu, kwa sababu hakitofautishi damu na mioglobini. Ni hadubini inayofichua siri, pale inapokuta hakuna chembe nyekundu za damu, au ni chache mno. Vivyo hivyo baadhi ya vimeng'enya vinavyopimwa kuchunguza ini hupatikana pia katika misuli, kwa hiyo majibu yake yanaweza kupanda na mgonjwa akaambiwa ini lake limeathirika. Mgonjwa aliyesema mapema kwamba alipiga skwati mia anamwokolea daktari siku nzima. Uliza kwa adabu kama kipimo cha CK, cha kreatinini na cha potasiamu vinaweza kufanyika hapo au katika hospitali ya rufaa.

Matibabu yenyewe, yakianza mapema, si ya ajabu: maji ya dripu kwa wingi chini ya uangalizi, vipimo vya damu vinavyorudiwa, na mapumziko. Wengi hupona kabisa. Wanaochelewa ndio hufika kwenye mashine ya kusafisha damu, na gharama yake kwa familia isiyo na bima hatuna haja ya kuieleza. Kujitibu nyumbani kwa kunywa maji ndoo nzima hakufai. Maji yakizidi kwa haraka hupunguza chumvi katika damu, na hiyo nayo ni hatari ya kufa.

Hesabu ndogo kabla ya kukubali

Mwaka 2019 vyama viwili vya Marekani vya wakufunzi wa mazoezi ya nguvu, CSCCa na NSCA, vilitoa mwongozo wa pamoja ili matukio kama ya Iowa yasirudiwe. Uliandikwa kwa ajili ya wanamichezo wa vyuo katika wiki za kwanza baada ya mapumziko, lakini hesabu yake inamfaa yeyote. Chukua idadi ya seti, zidisha kwa marudio ya kila seti, kisha zidisha kwa sehemu ya uzito mkubwa unaoweza kuunyanyua mara moja. Mwongozo unataka jibu, kwa zoezi moja, lisipite 30.

Tujaribu. Seti 3 za marudio 10, kwa chuma chenye asilimia 70 ya uwezo wako: 3 mara 10 mara 0.7, jibu ni 21. Seti 5 za marudio 5 kwa asilimia 80 ni 20. Hayo ni mazoezi ya kawaida na yamo ndani ya mpaka. Sasa skwati 100 za Iowa kwa asilimia 50: jibu ni 50. Mpango mwingine maarufu wa seti 10 za marudio 10 kwa asilimia 60 hufika 60, mara mbili ya mpaka. Mwalimu anayekupa mpango huo wiki yako ya kwanza amekupa kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Hesabu hii si sheria ya nchi, wala haisemi kwamba aliye na 31 ataumwa na aliye na 29 atapona. Haifai pia kwa pushapu na kujivuta juu, ambapo uzito ni mwili wako wenyewe na ni vigumu kuupunguza. Kwa mazoezi hayo, njia nyepesi ni kukumbuka idadi uliyoifanya wiki iliyopita. Aliyepiga pushapu 30 wiki iliyopita hana biashara na pushapu 200 wiki hii.

Mwongozo huo huo unashauri kwamba mwanamichezo mgeni, au anayerejea baada ya kuugua kwa sababu ya mazoezi, apunguziwe kazi ya kukimbia na ya pumzi kwa asilimia 50 wiki ya kwanza, 30 ya pili, 20 ya tatu na 10 ya nne. Na kwamba katika wiki ya kwanza muda wa kupumzika uwe mara nne ya muda wa kufanya kazi, yaani sekunde 30 za kazi kwa dakika 2 za mapumziko. Wapo watakaouita uvivu. Ukweli ni kwamba mwili hujifunza haraka: msuli ulioonjeshwa zoezi jipya kwa kiasi kidogo huumia kidogo zaidi unapokutana nalo tena siku au wiki chache baadaye. Kinga hiyo hupatikana bure, ila kwa subira.

Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi

Tunawataja kwanza wenye vinasaba vya selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa wa selimundu, na wanaobeba nusu ya urithi huo, bila kuwa wagonjwa, ni wengi zaidi. Wengi wao hawajijui. Katika maisha ya kawaida hawana shida. Lakini katika mazoezi makali yasiyo na mapumziko, hasa penye joto, chembe zao za damu zinaweza kujikunja na kuziba damu isifike kwenye misuli. Marekani wanamichezo wa vyuo wenye vinasaba hivyo wamefariki mazoezini, na ndiyo sababu vyuo huko vilianza kuwapima wachezaji wao. Kama katika ukoo wenu kuna mtoto mwenye selimundu, pima kabla ya kuingia katika shindano lolote. Kuwa na vinasaba hivyo hakumzuii mtu kucheza; kunamlazimisha apande polepole, apumzike anapohitaji na asimame mara moja anapoishiwa nguvu ghafla.

Wengine ni waliotoka kuugua homa au mafua karibuni, wanaotumia dawa za kushusha lehemu za aina ya statini, waliokunywa pombe usiku uliotangulia, na wanaofanya mazoezi bila maji ya kutosha. Anayefunga asichague saa za mwisho kabla ya futari kwa ajili ya zoezi la marudio mengi. Unga wa kuongeza nguvu kabla ya mazoezi nao utazamwe kwa jicho kali: mtu mzima mwenye afya anashauriwa asipite miligramu 400 za kafeini kwa siku, na kuna unga ambao vijiko viwili tu hukufikisha huko, tena ukiondoa hisia ya uchovu ambayo ndiyo ingekuokoa. Usiotaja kiasi cha kafeini kwenye kopo usinunue.

Joto lina hatari yake peke yake. Aliyezidiwa na joto mazoezini akaanza kuweweseka, kuyumba au kupoteza fahamu, huku mwili ukiwaka, apoozwe pale pale kwa maji baridi mwilini mwote huku usafiri ukitafutwa. Kumpeleka kwanza na kumpooza baadaye ni kupoteza dakika ambazo hazirudi.

Kabla ya kulipa, na baada ya kuumia

Mlaji asione haya kuuliza. Mwalimu amesomea wapi, na kwa muda gani? Mtu mpya anapewa mpango gani katika mwezi wa kwanza, nao umeandikwa? Mtu akitaka kuacha katikati ya shindano, anatendewaje? Swali hili la mwisho ndilo tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake haliwezi kuandaliwa. Nenda siku moja kabla ya kujiandikisha, keti pembeni, utazame. Jimu ambayo anayepumzika huzomewa, au ambayo mwalimu hujisifu kwamba wateja wake hutapika, imekuonyesha bidhaa yake bila kificho. Tazama pia kama kuna maji ya kunywa, feni au madirisha, sanduku la huduma ya kwanza, na mtu anayejua kulitumia.

Ziko kumbi zinazomtaka mteja atie sahihi karatasi inayosema kwamba lolote likimpata, hazihusiki. Isome yote kabla ya kutia sahihi, uombe nakala, na usidhani kwamba ukishaitia huna pa kwenda. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Na nchini Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, haki ya taarifa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Uzito wa karatasi hiyo utaamuliwa na wenye mamlaka ya kuamua, si na mwenye jimu.

Aliyeumia aanze na tiba, kisha kumbukumbu. Hifadhi stakabadhi ya malipo, mkataba, majibu ya maabara na karatasi za hospitali zenye tarehe. Andika, wakati bado unakumbuka, zoezi lilikuwa lipi, uliambiwa nini uliposema umechoka, na nani walikuwepo. Mwandikie mwenye ukumbi kwanza, umpe muda wa kujibu, na ubaki na nakala. Asipojibu, au akijibu kwa dharau, leta malalamiko yako kwenye ofisi iliyo karibu nawe pamoja na nyaraka hizo. Kama zoezi liliandikwa ubaoni, mwombe mwenzako aliyeko pale aupige picha ubao huo siku ile ile, kwa maana kesho yake asubuhi huwa umekwisha kufutwa na kuandikwa zoezi jingine.